Tairi Likiitwa na Kiwanda: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwenye Lori

Kiwanda cha matairi hakiiti bidhaa yake irudi kwa kupenda. Kila tairi linalorudi ni hasara. Ukisikia kiwanda kimetangaza kwamba matairi ya aina fulani, ya wiki fulani za mwaka fulani, yatolewe barabarani, elewa kwamba ushahidi umekibana, na wakati mwingine kuna watu wameshazikwa.

Hata hivyo malori bado yanaingia gereji yakiwa na matairi hayo hayo, na mwenye gari anasema, "Kashata bado ipo, fundi. Acha tuyamalize." Kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara, haihusiki hapa. Kasoro inayofanya tairi liitwe mara nyingi imekaa ndani, pale mkanda mmoja wa chuma unapolala juu ya mwingine, na mpira uliotakiwa kuishikanisha mikanda hiyo haukushika sawasawa. Kwa nje tairi linang'aa, kwa ndani limeanza kuachana. Siku joto, mzigo na mwendo vikikutana, kashata inabanduka yote, na dereva ana nukta chache tu za kuamua kama atafika nyumbani.

Ninawaandikia wenye malori na pikapu wa Dar, Mombasa, Kampala na Lubumbashi, pamoja na ndugu zetu walioko Marekani wanaoendesha malori yao wenyewe. Akili mnayo. Kinachokosekana ni kuogopa kitu kinachostahili kuogopwa.

KABLA TAIRI HALIJAITWA

Fanya

Isome namba ya DOT ya kila tairi na uiandike. Iko ubavuni, inaanza na herufi DOT, na ndiyo kitambulisho cha tairi. Mwanzo wake unataja kiwanda. Tarakimu 4 za mwisho zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Ukikuta mwisho kuna tarakimu 3 tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halina kazi yoyote tena barabarani. Lishushe leo.

Ingia chini ya gari. Namba kamili mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu; upande wa pili una sehemu yake, bila tarehe. Fundi akilifunga tairi na upande wenye tarehe ukaelekea ndani, utazunguka lori mchana kutwa usiione. Kwenye matairi pacha ni vigumu zaidi, kwa sababu la ndani limejificha nyuma ya mwenzake. Chukua tochi, kitambaa chenye maji na kipande cha chaki. Futa matope na masizi ya breki, acha pakauke, kisha pitisha chaki kwa ubapa juu ya maandishi. Herufi zimeinuka, zitashika chaki na kusomeka hata kwenye tairi kuukuu. Piga picha, tairi kwa tairi, na andika nafasi ya kila moja: mbele kushoto, difu ya kwanza kulia ndani, tela ekseli ya pili kushoto nje. Kichwa chenye difu mbili na tela la ekseli tatu vina matairi 22. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Asiyekuwa na asubuhi moja ya kukagua matairi yake asimpe mtu funguo za lori.

Sajili matairi mapya ukiwa Marekani. Sheria ya huko inamtaka muuzaji akupe fomu ya usajili yenye namba za matairi yako, au akusajilie yeye mwenyewe. Idai kabla hujalipa. Kiwanda kinatakiwa kutunza jina na anwani yako kwa muda usiopungua miaka 5, na barua ya wito inatumwa kwenye anwani hiyo. Ukihama jimbo bila kuwaarifu, barua itafika kwa mpangaji mwingine na kuishia kwenye takataka.

Tafuta habari mwenyewe kama gari lako ni la mtumba. Canter na Fuso zinatoka Japani, Scania na DAF zinatoka Ulaya, na zinashuka bandarini na matairi yaliyofungwa huko. Barua ya wito, kama iliandikwa, ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza. Hakuna mtu Hamburg wala Yokohama anayejua kwamba lori hilo leo liko Tunduma. Matangazo yako wazi kwa kila mtu: NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, inayaweka kwenye tovuti yake; Umoja wa Ulaya una Safety Gate; ya Japani yako kwenye wizara ya uchukuzi. Kijana wako wa ofisini anashinda kwenye simu kila siku. Mara moja kwa mwezi apitie na huko.

Usifanye

Usisubiri barua. Nimeshaeleza kwa nini haitakufikia.

Usitegemee namba ya chasi. Namba ya chasi inaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Haijui tairi ulilofunga mwezi uliopita. Ndugu yetu aliyeko Texas anaandika namba ya chasi kwenye tovuti, anaona hakuna wito wowote, anafunga simu na kupakia mzigo. Alikagua gari. Matairi hakuyagusa.

Usikague tairi moja ukayahukumu yote. Lori lililokaa barabarani miaka mitatu lina matairi ya maduka manne tofauti, na mawili kati yake yalinunuliwa usiku na dereva aliyekwama njiani.

Usinunue tairi lililokwanguliwa namba. Hakuna sababu ya halali ya kupitisha grinda juu ya DOT. Ukikuta ubavu umesuguliwa mahali hapo tu, mbele yako kuna tairi lililoitwa, au lililozeeka, au lililoibwa. Bei yake nzuri ndiyo ushahidi wa pili.

Usidhani kwamba tairi la zamani limeshapita hatari. Mwaka 2022 Goodyear iliyaita matairi yake ya G159 ya saizi 275/70R22.5, zaidi ya 173,000, yaliyotengenezwa kati ya 1996 na 2003. Yalikusudiwa malori ya kusambaza bidhaa mijini, yakafungwa kwenye magari makubwa ya kuishi safarini, yanayokimbia kwa saa nyingi mfululizo kwenye barabara kuu. Piga hesabu ya miaka: wito ulitoka wakati tairi changa kuliko yote lilikuwa na miaka 19 hivi. Wapo waliozikwa miaka mingi kabla ya wito huo kutoka.

SIKU UNAPOPATA HABARI

Fanya

Linganisha saizi, jina la tairi na tarehe, vyote vitatu. Wito hauhusu kila tairi la kampuni hiyo. Unahusu aina fulani, ya kiwanda fulani, ya wiki fulani. Kwenye wito wa Firestone wa mwaka 2000, ambao nitaueleza hapa chini, matairi yaliyotoka kiwanda cha Decatur, Illinois, yalianza na VD baada ya DOT. Herufi mbili hizo ndizo zilizotenganisha Wilderness AT la kurudisha na lile ambalo halikuguswa na wito huo. Ukiona tairi lako linakaribiana na lililotangazwa lakini huna uhakika, mpelekee picha wakala wa kampuni na udai jibu la maandishi.

Lisimamishe lori. Mzigo utachelewa, na mwenye mzigo atapiga kelele. Mpigie kabla hajakupigia, mwambie tairi limeitwa na gari halitoki mpaka libadilishwe. Mteja anayeona uzito wa neno hilo atakuelewa. Asiyeona atafute gari kwingine.

Likilazimika kusogea mpaka kwa fundi, lisogee tupu, upepo kamili, mwendo mdogo, alfajiri kabla lami haijapata moto. Hadi kwa fundi tu.

Usifanye

Usilihamishie nyuma. Hii ndiyo hila ninayoiona kuliko zote: tairi la mbele limeitwa, fundi analipeleka difu au kwenye tela, na kila mtu anapumua. Kwenye kisa cha Firestone matairi yaliyobanduka yalikuwa ya nyuma kwa sehemu kubwa, na magari yakapinduka. Kwenye lori zito, kashata ya tela ikibanduka inachapa mabomba ya upepo, inavunja taa na kutupa vipande vya mpira wenye nyaya za chuma usoni mwa anayekufuata.

Usilifanye la akiba. Tairi la akiba linafungwa usiku, na utingo aliyechoka, katikati ya mlima wa Kitonga, bila mtu wa kuuliza limetoka wapi.

Usilipeleke likavalishwe kashata mpya. Kashata mpya inakaa juu ya mikanda ile ile inayoachana. Umelipia tairi bovu mara mbili.

Usipunguze upepo ukidhani unalipunguzia tairi shida. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili lilichangia vifo vingi, na waliolifanya walikuwa watu wenye wahandisi na maabara.

Tarehe 9 Agosti 2000 Bridgestone/Firestone iliyaita matairi ya ATX, ATX II na Wilderness AT. Yalikuwa yametengenezwa milioni 14.4, na yapata milioni 6.5 yalikuwa bado barabarani, mengi yakiwa chini ya Ford Explorer. Serikali ya Marekani baadaye ilihusisha vifo 271 na matairi hayo. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26 kwenye Explorer. Firestone ilitaka 30. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini tairi lenye upepo mdogo linapinda ubavu zaidi kila linapogusa chini, na kupinda huko kunazaa joto. Joto linaulegeza mpira unaoishika mikanda ya chuma. Ufa unaanzia kwenye ukingo wa mkanda, karibu na bega la tairi, unatembea kuelekea katikati, na hakuna dalili ya nje mpaka umeshafika mbali. Ongeza abiria, mizigo na kilomita nyingi za lami yenye moto, na mkanda wa juu unaondoka pamoja na kashata yake.

Angalieni wito ulianzia wapi: Arizona, California, Florida na Texas, majimbo ya joto. Na kabla ya hapo, Agosti 1999, Ford ilikuwa imeshaanza kuwabadilishia wateja wake matairi hayo Saudi Arabia, na Mei 2000 ikafanya hivyo Venezuela. Anayeendesha Oman mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa zaidi. Kasoro ilitoka kiwandani, lakini joto, upepo pungufu na uzito ndivyo vilivyoikomaza. Joto hulimiliki. Upepo na uzito viko mikononi mwako kila siku kati ya Chalinze na Mikumi.

Kwa hiyo pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji, kwa kiwango cha mtengenezaji kulingana na mzigo uliobeba. Kupiga tairi kwa rungu hakukuelezi chochote zaidi ya kwamba halijaisha upepo kabisa. Tairi lililopungua asilimia 20 ya upepo wake linahesabiwa kuwa limeisha, hata kama linasimama vizuri. Tena usitoe upepo kwenye tairi lililopata moto njiani kwa sababu geji imepanda. Imepanda kwa sababu ya joto, na tairi limeundwa kwa hilo. Ukiutoa, kesho asubuhi tairi litakuwa na upepo pungufu na utaanza safari na joto jingine.

Usizidishe uzito kwa kuwa mizani imekupitisha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli mbili zilizoandamana, 24 kwa tatu, na jumla isiyozidi tani 56. Viwango hivyo vimewekwa kulinda barabara. Tairi lina kiwango chake, kimeandikwa ubavuni, kimoja kwa tairi la peke yake na kingine, kidogo zaidi, kwa tairi pacha. Soma hicho. Pacha mmoja akikosa upepo, mwenzake anabeba uzito wa wawili, na yeye ndiye atakayebanduka.

UKIENDA KWA MUUZAJI NA KWA WAKALA

Fanya

Nenda mapema. Kwa sheria ya Marekani una siku 180 tangu upate taarifa, au tangu matairi ya kubadilisha yapatikane, ikiwa yatachelewa. Zikipita, haki yako ya kubadilishiwa bure inakuponyoka. Zamani zilikuwa 60, na watu walizimaliza wakisubiri kashata iishe. Haki hiyo ya bure pia haihusu tairi lililonunuliwa na mtu wa kwanza zaidi ya miaka 5 kabla ya wito.

Kama miaka 5 imepita, nunua tairi jipya kwa pesa yako. Kiwanda kuacha kulipa hakulifanyi tairi liwe zima. Watu wanasoma sharti la bure, wanaona haliwahusu, wanahitimisha kwamba na hatari haiwahusu. Haya ni mambo mawili, na la pili ndilo linaloua.

Tunza kila risiti. Wakala akikosa matairi, uliza kwa maandishi kama kampuni itarudisha gharama ya tairi la kampuni nyingine. Mwaka 2000 Firestone haikuwa na matairi ya kutosha, na ililazimika kuwarudishia wateja pesa za matairi ya washindani wake. Waliokuwa na risiti walilipwa. Hali kadhalika ukibadilisha kabla ya wito kwa sababu tairi lilikuwa limeshaonyesha kasoro: risiti yenye tarehe na namba ya DOT ndiyo madai yako.

Soma DOT ya tairi unalopewa kabla halijapanda kwenye rimu. "Jipya" ni neno la muuzaji. Tarehe ni ya kiwanda. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi juani limezeeka hata kama halijawahi kugusa lami.

Pima urefu wa matairi pacha. Ukifunga jipya kando ya lililolika, lile refu litabeba mzigo wote na fupi litaburuzwa. Jipya litakufa changa, na utarudi kukilaumu kiwanda kisicho na hatia. Kisha kaza nati tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Rimu iliyofungwa upya huwa inakaa, na nati zinalegea.

Huku kwetu, mwendee aliyekuuzia ukiwa na vitu vitatu: picha za namba, risiti, na nakala ya tangazo la wito. Mpe barua, mwambie aisaini kwamba ameipokea. Akikataa kubadilisha, nakala iende kwa Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango (TBS) kwa Tanzania, na kwa Shirika la Viwango (KEBS) kwa Kenya. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Usifanye

Usikubali kubadilishiwa baadhi. Ikiwa matairi sita yameitwa na wakala ana manne, lori linabaki limesimama mpaka mawili yapatikane.

Usisaini karatasi ambayo hujaisoma. Kuna risiti ya kupokea tairi, na kuna karatasi ya kukubali kwamba hutadai chochote tena. Zinafanana kwa umbo, na ya pili huletwa wakati umechoka na gari liko kwenye jeki.

Usiondoke na tairi bovu juu ya gari kwa kuwa wakala amesema "litakusukuma kidogo." Mwambie aandike hivyo na atie saini. Hataandika.

DEREVA WAKO

Fanya

Mwambie. Naona aibu kuliandika hili, lakini wapo matajiri wanaopata habari ya wito na kukaa kimya ili dereva asikatae safari. Dereva ndiye anayelala kichwani, ndiye anayeshika usukani saa nane usiku. Habari hii ni yake kabla haijawa yako.

Mfundishe dalili. Mtetemo kwenye usukani au kitini ambao haukuwepo jana. Mlio wa kugonga kwa mapigo sawa, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Uvimbe ubavuni au kwenye kashata. Sehemu moja ya kashata iliyolika kuliko nyingine. Akipitisha kiganja juu ya tairi lililosimama na kukuta mahali pameinuka, safari imeishia hapo.

Mfundishe la kufanya kashata ikibanduka gari likiwa kasi. Ashike usukani kwa mikono miwili, gari libaki kwenye mstari wake. Mguu usiguse breki. Aachie mafuta polepole, gari lipungue lenyewe, kisha alitoe pembeni. Anayekanyaga breki kwa hofu huliangusha gari ambalo lingesimama.

Usifanye

Usimkate dereva mshahara kwa tairi lililobanduka. Siku utakapomkata ndiyo siku ya mwisho atakapokuambia kwamba kuna mlio.

Usimwambie "fika kwanza." Dereva mmoja ninayemfahamu alisikia mgongo wa gari ukigonga alipoacha Mikumi. Alisimama, akaangalia kwa tochi, akaona uvimbe kwenye tairi la tela. Akampigia tajiri wake. Akaambiwa afike Iringa kwanza. Kashata ilibanduka mlimani, ikachapa bomba la upepo la tela, upepo wa breki ukaisha na breki za tela zikakamata zenyewe, kama zinavyotakiwa kufanya. Lori likaziba upande wake wote wa barabara, gizani, taa za nyuma zimevunjwa na mpira ule ule. Utingo alikuwa bado anatafuta pembetatu pale bodaboda ilipoingia chini ya tela. Aliyekuwa juu yake alikuwa na umri wa kuwa mwanafunzi. Tajiri alikuwa na taarifa ya wito ofisini kwake, imechapwa, imewekwa kwenye faili. Faili lilikuwa safi kabisa.

TAIRI LENYEWE LILILOTOLEWA

Fanya

Liharibu mbele ya macho yako. Kata ubavu mpaka kwenye waya wa ukingo, toboa kashata kwa drili, zaidi ya mahali pamoja. Baada ya msiba wa Firestone kanuni za Marekani zilikuja kuvitaka viwanda viwaagize wauzaji wao kuliharibu tairi lililoitwa ndani ya saa 24 tangu walipokee, lisiweze tena kufungwa kwenye gari. Huku hakuna atakayekusimamia. Simama mwenyewe mpaka kisu kipite.

Andika namba zake kwenye daftari: liliharibiwa lini, na nani.

Usifanye

Usiliuze. Usimpe fundi pancha kama asante. Usiliache nyuma ya gereji ukidhani hakuna atakayelitaka. Tairi lenye kashata halikai nyuma ya gereji siku mbili. Litanunuliwa na mtu mwenye pikapu ya kubebea nyanya au mwenye Hiace ya abiria, ambaye hakupata barua, hana tovuti, na anamwamini fundi. Umeitoa hatari chini ya lori lenye dereva mzoefu ukaiweka chini ya mama na watoto wake. Hakuna shilingi utakazopata kwenye tairi hilo zinazoweza kuhalalisha jambo hilo, na ukiulizwa uliliuza kwa nani hutakumbuka.

Usiharibu tairi lililosababisha ajali. Hapa amri inageuka. Mtu akiumia, tairi, vipande vyake vyote na rimu ni ushahidi. Okota vipande barabarani kabla magari hayajavisaga, piga picha mahali vilipoangukia, funga kila kitu mahali penye kufuli. Wakala au bima akitaka kulichukua, atoe hati yenye namba ya DOT, na wewe ubaki na picha. Bila tairi, atakayebebeshwa kosa ni dereva, na mara nyingi dereva huyo hayuko hai kujitetea.

Usikae kimya. Mwaka 1998 mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm, Samuel Boyden, aliona kwenye madai yaliyopita mezani kwake visa 21 vya matairi ya Firestone kubanduka kashata. Aliiandikia NHTSA. Uchunguzi ulifunguliwa Mei 2000, na kati ya barua yake na siku hiyo watu waliendelea kufa kwenye Explorer zao. Novemba mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya kuvilazimisha viwanda kupeleka serikalini taarifa za madai, vifo na majeruhi mapema, bila kusubiri mtu mmoja mwenye jicho kali aziunganishe. Sisi huku bado tunamtegemea mtu huyo mmoja, na wewe mwenye lori ndiye uliye karibu zaidi na tairi.

Tairi likibanduka, hata kama hakuna aliyeumia, peleka taarifa kwa wakala, kwa mamlaka ya viwango ya nchi yako, na kwa NHTSA kama uko Marekani. Taja namba ya DOT nzima, saizi, nafasi ya tairi kwenye gari, upepo uliopimwa mara ya mwisho na tarehe yake, uzito uliobebwa, mwendo, mahali na saa. Ambatisha picha ya ubavu wenye namba, picha ya mkanda uliobaki kwenye tairi, na picha ya kipande kilichobanduka upande wa ndani, kwa sababu hapo ndipo mhandisi ataona kama mpira ulichanika au haukuwahi kushika.